Robo Nne za Nyumba Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Umiliki wa Pamoja Katika Milima ya Taita

Kisa hiki kinahusu nyumba ya mapumziko iliyo katika kijiji kimoja cha milima ya Taita, si mbali na Wundanyi, ambayo wenyewe wote ni watu wa Mombasa. Niliitwa kuwa msuluhishi baada ya mawakili wa pande mbili kwisha kuandikiana barua na kabla ya kesi kufunguliwa, na wahusika wameniruhusu kukiandika kwa sharti kwamba wasitajwe majina na mambo madogo yanayoweza kuwatambulisha yabadilishwe. Nitawaita kwa kazi zao: Nahodha, ambaye sasa ni marehemu, Mwalimu, mama mstaafu aliyezaliwa milimani huko huko, Mhasibu, na Mfamasia.

Walinunua nusu ekari mwaka 2014. Muuzaji alikuwa mjomba wa Mwalimu, na kila mmoja alijua kwamba bei aliyowapa ni ya kijamaa, kwani mgeni asingeipata. Nahodha, aliyekuwa na fedha mkononi wakati huo, alilipia sehemu kubwa ya ujenzi, hasa paa na tangi la maji. Mhasibu na Mfamasia walitoa kidogo kidogo kwa muda wa miaka miwili. Hakuna aliyeandika nani ametoa nini. Hatimiliki ilipotoka ilikuwa na majina manne, yamepangwa moja chini ya jingine, bila neno lolote la kueleza kila jina lina haki gani.

Sababu ya kuitaka nyumba mahali pale haihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kulala Mombasa mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umelegea na feni ikizungusha joto lile lile. Unashika barabara ya Nairobi hadi Voi, kilomita 150 na ushei, unakata kushoto kwenda Mwatate, kisha unapanda kona kwa kona hadi masikio yazibe. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na vijiji vilivyo chini yake vina baridi ya kumfanya mtu wa Kibokoni, mtaa wa Mombasa, atafute sweta mchana. Tangu mwaka 2017, treni ya reli mpya inayosimama Voi imewarahisishia safari wasio na gari.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi waliofika mezani waliamini jambo ambalo sheria haisemi. Mwalimu aliamini kwamba, kwa kuwa ardhi ilitoka ukoo wake, yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Watoto wa Nahodha waliamini kwamba baba yao anamiliki zaidi ya robo kwa sababu alilipia paa. Mhasibu aliamini kwamba Nahodha alipofariki, nyumba ilibaki ya watatu walio hai. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinazijibu dhana zote tatu. Ikiwa watu wawili au zaidi wanamiliki ardhi na hati haielezi aina ya haki zao, huchukuliwa kuwa kila mmoja ana hisa yake, na hisa hizo ni sawa. Umiliki ule mwingine, ambao anayekufa humwachia mwenziwe sehemu yake moja kwa moja, tangu sheria hiyo ianze kutumika huweza kuundwa baina ya mume na mke tu, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Kwa hiyo kila mmoja wa wanne alikuwa na robo, hisa ya anayefariki huingia katika mirathi yake, na ujamaa wa muuzaji hauongezi wala haupunguzi kitu.

Ni vyema pia kueleza robo hiyo ni robo ya nini, maana hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumba za namna hii unapozaliwa. Si robo ya vyumba wala robo ya kiwanja. Ni hisa isiyogawanywa, yaani kila mmoja ana haki katika kila tofali, na hakuna anayeweza kuonyesha chumba akasema hiki ni changu. Hati inajibu swali la nani mwenyewe. Haijibu ni nani atalala humo tarehe 25 Desemba, wala ni nani atajaza mtungi wa gesi. Kwa nyumba ya kuishi, swali la kwanza ndilo kubwa. Kwa nyumba ya mapumziko, ambayo kila mtu huitumia kwa siku chache na huifikiria mwaka mzima, maswali mawili ya mwisho ndiyo yanayovunja urafiki. Wanne hawa walikuwa na jibu la lile la kwanza, tena bila kulijua, na hawakuwa na jibu la mengine.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda kwa heshima tu. Ushahidi wangu bora wa kipindi hicho ni daftari la mlinzi, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, ambamo mzee yule aliandika kwa kalamu ya buluu kila aliyefika, idadi ya watu, siku walizolala na hali waliyoiacha nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kama si yeye tungebaki na kumbukumbu nne zinazopingana. Kurasa za mwanzo ni salamu na shukrani. Kadiri miaka inavyosonga maandishi yanakuwa mafupi: mtungi umekwisha, waliotoka wamesema watajaza wanaokuja, sufuria kubwa haionekani, funguo ya stoo iko Mombasa. Ukurasa mmoja unataja kwamba makabati ya jikoni yametiwa kufuli, kila familia lake. Nilipofika nilizikuta kufuli hizo nne zimening'inia kwenye mstari mmoja, ya tatu ikiwa imeshika kutu kiasi kwamba haifunguki.

Kufuli hizo zilikuwa na asili yake. Krismasi moja wageni wa Mhasibu walipika nyama ya nguruwe kwa sufuria za nyumba. Hawakukusudia kumuudhi mtu, lakini hawakumweleza mtu pia, na mke wa Nahodha alipata habari kutoka kwa mlinzi wiki mbili baadaye, akiwa ameshapika kwa sufuria zile zile. Hakugomba. Alinunua vyombo vipya, akavitia kabatini, akafunga. Naona jambo hili lilikuwa zito kuliko deni lolote lililokuja kutajwa, kwa sababu lilikuwa mara ya kwanza familia moja kuacha kusema.

Daftari lilionyesha jambo jingine ambalo wahusika wenyewe hawakuwa wameliona. Hisa ni sawa, ila majuma hayalingani. Juni hadi Agosti ukungu hukaa siku kutwa, nguo hazikauki, na hata watoto huchoka kucheza ndani. Desemba shule zimefungwa na Mombasa ina joto. Januari na Februari joto limezidi. Mfamasia, ambaye hawezi kufunga duka mwisho wa mwaka, alikuwa akienda Julai kwa sababu ndipo alipopata nafasi, na mwaka baada ya mwaka alilipa robo ya gharama kwa ajili ya kuangalia ukungu. Alipoanza kuchelewesha malipo, wenzake walimwona bahili. Ukihesabu majuma mazuri aliyoyapata, hakuwa na kosa kubwa.

Mgogoro wenyewe uliwaka kwa paa. Mabati yalianza kuvuja upande wa magharibi, fundi akataka shilingi 360,000 kubadilisha yote pamoja na mbao zilizooza, yaani 90,000 kwa kila hisa. Kabla ya fedha kukusanywa, Nahodha alifariki. Mhasibu, kwa mazoea ya kazi yake, aliendelea kutuma hesabu kila mwisho wa mwezi katika kundi lao la WhatsApp, na moja ya hesabu hizo, ikiwa na jina la marehemu na neno «anadaiwa» mbele yake, ilimfikia mjane akiwa katika eda. Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi minne na siku kumi, na mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa, awe Mwislamu au Mkristo, anajua kwamba huo si wakati wa kumdai mtu fedha za paa. Mhasibu aliniambia kwamba ujumbe ulikuwa unajituma kwa ratiba aliyoiweka zamani. Ninamwamini. Mtoto mkubwa wa marehemu hakumwamini, akamtafuta wakili, na wakili akaandika kwamba familia inataka nyumba iuzwe na kila mtu apewe chake.

Hapo ndipo hesabu ya mirathi ilipoingia. Nahodha aliacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu. Wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo Mahakama ya Kadhi huitumia kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake, mke aliye na watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, na kinachobaki hugawiwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Thumuni saba zilizobaki ziligawika vizuri: kila binti thumuni moja, kila mwana thumuni mbili. Lakini hizo ni thumuni za robo. Ukizipeleka kwenye nyumba nzima, mjane na kila binti wana sehemu 1 kati ya 32, na kila mwana sehemu 2 kati ya 32. Nyumba iliyokuwa na wenyewe wanne sasa ilikuwa na wenyewe tisa, na mmoja wao, binti aliyeolewa Muscat, alikuwa ameshachukua uraia wa Oman na kuuacha wa Kenya.

Mezani tulianza na njia ambazo mawakili walikuwa wamezitaja. Kugawanya ardhi yenyewe kunaruhusiwa na kifungu cha 94 cha sheria ile ile, kwa ridhaa ya wote au kwa amri ya mahakama, lakini nusu ekari yenye nyumba moja katikati haigawiki kwa namna yenye maana: mmoja atapata nyumba na watatu watapata mteremko wenye mikaratusi. Mahali pasipogawika, kifungu cha 96 kinaifungulia mahakama njia ya kuamuru mauzo, hata ya mnada. Niliwaeleza nionavyo, na bado naona hivyo, kwamba mnada wa nyumba ya mapumziko katika kijiji kidogo ni njia ya kumpa mtu wa tano mali kwa bei ya chini. Wanunuzi ni wachache, kila mwanakijiji anajua kwamba wenyewe wamegombana, na heshima ya ujamaa huwafanya majirani wasite kununua ardhi ya mjomba wa Mwalimu iliyokuja kwao kupitia mahakama.

Mhasibu alikuja na pendekezo la kampuni: ardhi ihamishiwe kampuni, kila mtu awe na hisa zake humo, na anayetaka kutoka auze hisa bila kugusa hatimiliki. Kwa nyumba nyingine ningeliunga mkono. Hapa lilikwama mahali pawili. La kwanza ni gharama, kwa kuwa kuhamisha ardhi kunatozwa ushuru wa stempu, ambao nje ya miji ni asilimia 2 ya thamani. La pili ndilo lililolifunga kabisa: Ibara ya 65 ya Katiba inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Binti wa Muscat angeingia na hisa yake ndogo ya 1 kwa 32, kampuni nzima ingekuwa ya kigeni machoni pa Katiba.

Njia iliyofungua fundo ilitoka kwa mjane mwenyewe, na haikuwa katika barua ya wakili yeyote. Alisema kwa utulivu, akimwelekea mwanawe mkubwa: «Baba yako ameacha na akiba, mwanangu. Asiyeitaka nyumba achukue haki yake huko, anayeitaka abaki nayo.» Katika fiqhi ya mirathi jambo hilo linajulikana vyema, nalo ni takharuji: mrithi kutoka katika sehemu ya mali kwa kupokea badala yake kitu kingine kwa maelewano na warithi wenzake. Mwana mkubwa, anayeishi Nairobi na asiyependa baridi, alitoka. Binti wa Muscat alitoka, na suala la uraia likaondoka naye. Thumuni zao tatu zililipwa kutoka akiba ya marehemu kwa bei aliyoitoa mthamini, na robo ya Nahodha ikabaki kwa mjane, mwana mdogo na mabinti wawili, ambao walimteua binti wa pili kuwa msemaji wao katika kila jambo la nyumba.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuandika yale ambayo hayakuandikwa mwaka 2014. Tulitumia muda mwingi zaidi kwenye kalenda. Majuma 52 yaligawanywa katika madaraja matatu: majuma mazito 12 ya sikukuu na joto, majuma ya ukungu, na ya kawaida. Kila hisa ina haki ya majuma mazito matatu. Uchaguzi unafanywa kila Oktoba kwa zamu: wa kwanza hadi wa nne, kisha wa nne hadi wa kwanza, na mwaka unaofuata mpangilio unasogea nafasi moja. Familia ya Nahodha ina kipaumbele kwa Idd moja wanayoichagua, na watatu wengine wanapokezana Krismasi. Idd ilihitaji maneno ya ziada, kwa sababu hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka na haijulikani kwa yakini hadi mwezi uandame; tukaandika kwamba nafasi hiyo hubeba siku moja kabla na moja baada. Mfamasia aliuliza kama anaweza kumuuzia mwenzake juma zito lake la Desemba. Tuliona hakuna ubaya, mradi liuzwe ndani ya wanne.

Gharama tulizitenga mafungu mawili, na hapa sikukubali kulegea. Mshahara wa mlinzi, kodi ya kaunti, paa, kuta na tangi vinalipwa sawa kwa kila hisa, awepo asiwepo, kwa sababu kutu haingoji mtu aje kulala. Gesi, umeme, kuni na usafi vinalipwa kwa idadi ya watu na siku walizolala, kwa mujibu wa daftari la mlinzi, ambalo sasa limepewa hadhi ya ushahidi katika makubaliano. Kila hisa inaweka shilingi 4,000 kwa mwezi katika akaunti ya matengenezo inayotolewa fedha kwa sahihi mbili, wala zote mbili zisiwe za familia moja. Asiyelipa kwa miezi sita hapotezi hisa yake. Anapoteza zamu ya kuchagua majuma mazito hadi alipe. Adhabu hiyo ni ndogo, na ndiyo maana inaweza kutekelezwa bila mahakama. Jikoni, vyombo vya familia ya Nahodha vimepewa kabati lao rasmi, na kufuli nyingine tatu zimeondolewa.

Dai la Mwalimu lilitaka uangalifu. Kuifufua hesabu ya nani alitoa nini zaidi ya miaka kumi iliyopita kungewafungulia mlango hata warithi wa Nahodha na paa lao, kwa hiyo wote walikubali kuandika kwamba hisa ni robo sawa na kwamba hakuna atakayerudi nyuma. Hata hivyo kuna jambo ambalo Mwalimu hulifanya na halina bei katika hati: yeye ndiye huzungumza na majirani. Njia ya miguu ya kijiji inakatiza uani, mfereji wa maji unaonywesha mashamba ya chini unapita nyuma ya choo, na wenye ng'ombe huja kukata nyasi. Mfamasia aliwahi kutaka kuzungushia uzio. Uzio ule ungewapa wenyewe faragha na kuwanyima mlinzi wa pili asiyelipwa, ambaye ni kijiji kizima. Kwa kazi hiyo ya usuhuba Mwalimu halipi fungu la matumizi, na hakuna aliyepinga.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kuyafanya makubaliano yawafunge watu ambao hawajafika bado. Kwa mnunuzi, sheria ina msaada: kifungu cha 91 kinamzuia mwenye hisa kuihamishia kwa mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, ingawa ridhaa hiyo haiwezi kunyimwa bila sababu ya maana. Tuliandika kwamba anayetaka kuuza atawapa wenzake kwanza kwa bei ya mthamini, na kwamba kukataa kutia sahihi makubaliano haya ni sababu ya maana ya kumnyima mnunuzi ridhaa. Mahakama inaweza siku moja kuliona tofauti, ila ni bora kuliko ukimya. Mrithi hahitaji ridhaa ya mtu, kwa hiyo kwake tulishika upande wa matumizi: hisa inabaki yake kwa sheria, lakini zamu ya kalenda inaanza siku familia inapoteua msemaji mmoja na msemaji huyo kutia sahihi. Hadi hapo, majuma ya hisa hiyo yanatunzwa bila kugawanywa, na hakuna hesabu ya deni itakayopelekwa nyumbani kwa mfiwa kabla ya miezi mitano kupita.

Limebaki jambo moja. Katikati ya mazungumzo Mfamasia alitangaza kwamba angependa kutoka, na Mhasibu na Mwalimu wameafikiana kuinunua robo yake kwa pamoja. Yeye anataka alipwe katika miezi 12, wao wanataka 24. Kwa kuwa ardhi ni ya kilimo, mauzo hayo yanahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kufanywa, la sivyo muamala unabatilika. Nimewashauri wasitie sahihi mkataba wa mauzo hadi muda wa malipo uamuliwe, ili miezi hiyo sita isianze kuhesabiwa huku wakiwa bado wanavutana, na familia ya Nahodha imeombwa iandike mapema kwamba haina pingamizi.